Milango mitatu, nyumba moja: Nilivyopoteza msimu wa harusi kwenye intaneti

JUMAPILI ya Januari 27, 2013 asubuhi, soko kuu la Bujumbura liliungua. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnaikumbuka siku hiyo, na kama hamkuwepo mlisimuliwa mkiwa Kigoma, Uvira au makambini. Mimi nilikuwa na meza mbili mle ndani, moja ya vitenge na nyingine ya imvutano za harusi. Mali yangu yote ilikuwa juu ya meza hizo na chini yake. Moshi niliuona nikiwa Buyenzi. Nikakimbia kwa miguu, na nilipofika mjini hata ukuta wa soko sikuweza kuusogelea.

Jirani yangu wa meza alikuwa na tabia niliyokuwa nikiicheka. Kila robota alilonunua, theluthi yake aliipeleka nyumbani kwa mama yake, Kinama. Nilikuwa namtania, "Dada, unamlisha mama yako vitenge?" Yeye anacheka tu. Wiki tatu baada ya moto alikuwa barazani anauza tena. Mimi nilikaa karibu miaka mitatu nikishonea watu nguo kwa cherehani ya kuazima.

Nayaeleza haya kwa sababu mwaka 2022 nilirudia kosa lile lile, safari hii bila moto wala moshi. Nililirudia ndani ya simu, kwenye matangazo ya kulipia ya intaneti, na naona wafanyabiashara wenzangu wengi wa mipakani wanaelekea huko huko huku wakiamini wako salama.

Mimi ni mmoja wa waliorejea. Nilikulia Mtabila, Kasulu, nikarudi mwaka 2007 kwa njia ya Manyovu hadi kituo cha Mabanda, na mtaji wangu ulikuwa mabati machache na sufuria. Lakini kambi ilinipa kitu ambacho benki isingenipa, yaani watu. Wapo waliorudi kama mimi, wapo waliobaki Tanzania, na wapo wale wa mwaka 1972 waliochukuliwa kwenda Marekani kuanzia 2007. Ongeza ndugu walioko Ubelgiji na Kanada. Watu hao wote wanaoa na kuolewa, na binti wa Kirundi hata akizaliwa mbali kiasi gani, siku yake ikifika mama yake atataka avae imvutano. Hapo ndipo nilipoiona biashara iliyobaki baada ya meza kuteketea: kushonea Bujumbura, kuonyesha picha kwenye simu, kisha kutuma mzigo kwa anayesafiri.

Shida ilikuwa moja. Picha zangu walikuwa wanaziona watu wanaonijua tu. Ili kuwafikia wasionijua, ilibidi nilipie.

Mnada usiosikika

Kwanza tuelewane, maana wapo wanaodhani kutangaza kwenye intaneti ni sawa na kulipia bango la barabarani. Katika aina ya tangazo ninayoizungumzia, hulipii kuonekana. Unalipa pale mtu anapolibofya tangazo na kuletwa kwenye ukurasa wako au kwenye namba yako ya WhatsApp. Kila mara mtu anapoandika neno la kutafuta kwenye Google, hupigwa mnada unaokwisha kabla hujapepesa macho. Mimi nimesema niko tayari kutoa senti 10 za dola kwa mbofyo mmoja, mwenzangu kasema 15, na mtambo unaamua nani akae juu.

Hata hivyo mwenye pesa nyingi hashindi kila mara. Mtambo unaangalia pia kama watu huwa wanalibofya tangazo lako na kama ukurasa wako unajibu walichotafuta. Ndiyo maana mshona nguo wa Buyenzi anaweza kukaa juu ya duka kubwa la Ulaya kwa neno "imvutano", kwa sababu duka lile halijui hata linaandikwaje. Facebook nao wana mnada wao, ingawa mara nyingi hukata pesa kwa idadi ya watu walioonyeshwa tangazo, halafu wanakupigia hesabu kila mbofyo umekugharimu kiasi gani. Kwa sisi wenye pesa za kuhesabu, mwisho wa siku swali ni lile lile: mbofyo mmoja ni shilingi ngapi, na umeleta mteja au haukuleta?

Biashara hii si ya jana. Mwaka 1998 Mmarekani Bill Gross alianzisha GoTo.com, mtambo wa kutafuta ambao ulipanga majibu kwa kufuata aliyetoa bei kubwa, na bei yenyewe ilionekana wazi kwa kila mtu. Baadaye kampuni hiyo ikaitwa Overture, na mwaka 2003 Yahoo wakainunua kwa takriban dola bilioni 1.6. Google walianza AdWords yao mwaka 2000 na kuingia kwenye mnada wa mibofyo mwaka 2002. Microsoft wakafungua ya kwao 2006, Facebook 2007. Kisha mwaka 2009 Yahoo na Microsoft wakakubaliana kwamba utafutaji wa Yahoo ubebwe na mtambo wa Microsoft. Nawaomba mkiweke akilini kijambo hicho cha mwisho, kwamba majina mawili yalibaki mlangoni lakini jikoni akawa mpishi mmoja. Mimi sikukiweka.

Kadi ya kaka

Mwaka 2018 mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu akisoma chuo. Ndiye aliyenifungulia. "Shangazi," aliniambia, "weka dola moja kwa siku, tuone." Tukachagua kampuni moja kati ya zile kubwa mbili ambazo kila mwenye simu anazijua. Sitaitaja jina, kwa kuwa yaliyonikuta kwake yangeweza kunikuta kwa yoyote.

Kazi ya kwanza ilikuwa namna ya kulipa. Makampuni haya hayapokei Lumicash wala faranga mkononi. Yanataka kadi yenye dola. Kadi ya benki ya hapa ilitaka dola, na dola Bujumbura ni kitu cha kutafutwa kwa tochi. Njia rahisi ikawa kadi ya kaka yangu aliyeko Kigoma. Nilimtumia pesa na wavuka mpaka, yeye akaweka kwenye kadi, kadi ikalipa.

Ilifanya kazi, tena vizuri. Msimu wa kiangazi wa 2019 nilipeleka imvutano Brussels mara nne, na akina mama wa Uvira wakaanza kunijia kupitia Gatumba wakiwa na picha za nguo zangu kwenye simu zao. Faida ilipoonekana, tukaongeza jina la pili la matangazo, na mwaka uliofuata la tatu. Ningeulizwa wakati ule ningejibu kwa kujivuna kwamba natangaza sehemu tatu, sitegemei sehemu moja. Ukweli ni kwamba majina yale matatu yote yalikuwa ya nyumba moja, akaunti moja na kadi moja.

Na onyo nilikuwa nimelipata. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa lililofanyika ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe wakati wa matengenezo. Nilikuwa nyumbani, nikasikia majirani wakilaumu simu zao, mwingine akiwasha na kuzima, mwingine akilaumu mtandao wa simu. Wengi siku hiyo ndiyo kwanza walijua kwamba vitu hivyo vitatu vina mwenye mali mmoja. Nilitikisa kichwa nikaendelea kushona. Sikujiuliza yale majina yangu matatu ni ya nani.

Juni 2022 nilichukua vitambaa kwa mkopo kwa tajiri wangu wa Kariakoo, marobota mengi kuliko nilivyowahi kuchukua. Kiangazi ndiyo harusi, ndugu wa nje wanakuja, na hesabu yangu ilikuwa kulipa deni mwisho wa Agosti. Mzigo ulishuka Kobero salama. Siku ya nne baada ya kuufungua, akaunti yangu ya matangazo ikafungwa. Ujumbe ulikuwa mfupi, kwamba kuna shaka kuhusu malipo. Mtoto alieleza haraka: akaunti ni ya Bujumbura, jina ni langu, kadi ni ya Tanzania na jina ni la mwanamume mwingine. Mtambo hauna habari za kaka na dada. Uliona wizi.

Tukaandika barua ya malalamiko kwa fomu yao. Tukatuma kitambulisho. Tukangoja. Hakuna ofisi ya kwenda kupiga hodi, hakuna namba ya kumpigia mtu ukamlilia. Siku kumi, ishirini, mwezi. Majina yote matatu yakanyamaza kwa pamoja, na ndani ya akaunti ile ndimo zilimokuwa kumbukumbu za watu wote waliowahi kubofya tangazo langu, waliokaribia kununua, na wa miji gani. Mimi sikuwa nimeandika popote. Daftari langu lilikuwa la madeni tu.

Nyumbani chumba kimejaa marobota hadi dirishani. Agosti ilipofika nilimpigia tajiri wa Kariakoo nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mama, mimi pia nadaiwa." Sikuwa na la kumjibu. Niliuza cherehani zangu mbili, nikauza vitambaa kwa akina mama wa Uvira kwa bei iliyokuwa chini ya ile niliyonunulia, na mtoto wangu wa kike akarudi shule wiki tano baada ya wenzake. Akaunti ilifunguliwa katikati ya Septemba bila maelezo. Harusi zilikuwa zimekwisha.

Nyumba ni ya nani?

Tangu hapo nimejifunza kuuliza swali hilo kabla ya kuweka hata faranga. Ukitangaza Facebook na Instagram, ukapokea wateja WhatsApp, umekaa kwa mwenye nyumba mmoja, Meta. Ukitangaza kwenye utafutaji wa Google na ukaweka video YouTube, hapo pia mwenye nyumba ni mmoja. Ukitangaza Bing, matangazo hayo hayo yanaweza kuonekana Yahoo na DuckDuckGo, kwa sababu mtambo wa matangazo ni wa Microsoft. Kwa hiyo mtu anayejigamba kwamba yuko sehemu saba, ukimhesabia wenye nyumba unaweza kukuta yuko kwa wawili.

Nyinyi mnaovuka mnalielewa hili bila kufundishwa. Januari 2024 Burundi ilipofunga mpaka na Rwanda, aliyekuwa anaijua Kanyaru peke yake alikaa nyumbani, na aliyekuwa na wateja Kobero na Manyovu aligeuza gari. Lakini aligeuza kwa sababu njia ile aliijua tayari, alikuwa na watu, anajua ushuru na anajua nani anapokea mzigo upande wa pili. Na akaunti za matangazo ziko hivyo. Akaunti mpya mara nyingi huanza kwa kukaguliwa na kuwekewa kikomo cha matumizi. Ukingoja ya kwanza ifungwe ndipo ufungue ya pili, utafika mlango wa pili kama mgeni, na msimu hautakungoja.

Kosa jingine ambalo nusura nilifanye mwaka 2023 lilikuwa la kugawa sawasawa. Nilikuwa na dola 60 kwa mwezi. Nikataka kuweka 20 kwa Google, 20 kwa Meta na 20 kwa Microsoft, kama unavyogawia watoto ubwabwa. Mtoto wa kaka yangu akakataa, na hapo alikuwa na haki. Mitambo hii inajifunza kutokana na matokeo. Meta wenyewe wanaeleza kwamba tangazo linahitaji kiasi cha matokeo 50 ndani ya wiki ndipo mtambo utulie na kujua wateja wako ni watu gani. Ukigawa pesa ndogo mara tatu, unakuwa na wanafunzi watatu ambao hakuna hata mmoja aliyemaliza darasa. Tukaweka 35 kwenye mlango unaouza, 18 kwa wa pili, na 7 kwa wa tatu ili tu moto usizimike. Kila baada ya miezi mitatu tunatazama tena.

Yeye bado anasema kwa mtaji kama wangu mlango mmoja unatosha, na kwamba muda ninaotumia kwa mitatu ningeshona nguo. Nakubali kwamba mwenye chini ya dola 30 kwa mwezi hana cha kugawa. Huyo aweke zote mahali pamoja. Ila afungue akaunti ya pili kwa jina lake, aijaribu kwa dola tano, aiache wazi. Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wangu, na yeye hajawahi kudaiwa na tajiri wa Kariakoo.

Kitu ambacho hatubishani tena ni kadi. Nyumba tatu zikilipwa na kadi moja zimesimama kwa mguu mmoja. Leo kila nyumba ina kadi yake, zote kwa jina langu, kutoka benki mbili tofauti. Ilinigharimu foleni na ada, lakini kadi moja ikikataliwa zile nyingine haziguswi. Ya kaka nilimrudishia na shukrani.

Kila mlango na wateja wake

Msomaji asidhani milango hii inaleta watu wa aina moja. Anayetafuta Google anajua anachotaka. Dada wa Brussels ameketi usiku, harusi ni wiki sita zijazo, anaandika kwa Kifaransa nguo ya asili ya harusi ya Burundi. Huyo ukimfikia atauliza bei na siku ya kufika, basi. Wenzetu wa Marekani, hata wale tunaozungumza nao Kiswahili cha kambi kwenye simu, wakitafuta wanaandika Kiingereza. Sikulijua hilo mpaka nilipoona maneno yenyewe kwenye ripoti, na nilikuwa nimepoteza miezi nikilipia maneno ya Kiswahili ambayo karibu hakuna aliyeyaandika.

Facebook na Instagram ni kinyume chake. Mama wa Uvira au Kigoma hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa anatazama picha za ndugu, imvutano ya rangi ya dhahabu ikapita, akasimama. Anauliza maswali mengi, anatuma picha kwa wifi yake, anapotea wiki mbili, anarudi na oda ya nguo sita. Kwa wateja wa jumla wa mipakani sijaona mlango unaouzidi huo.

Microsoft niliingia nikicheka. Nani anatumia Bing? Kumbe kompyuta nyingi za ofisini zenye Windows zinakuja na kivinjari cha Edge, na Edge ikitafuta hutafuta kwa Bing mpaka mtu abadilishe, na wengi hawabadilishi. Wanaonijia kwa mlango huo ni wachache, mara nyingi wafanyakazi wa maofisi walioko Kanada na Ubelgiji, wakati wa mapumziko ya mchana. Wapinzani ni wachache pia, hivyo mbofyo kwangu umekuwa wa bei ya chini. Na kuna nafuu moja kwa wavivu kama mimi: matangazo uliyokwisha kuyatengeneza Google unaweza kuyahamishia huko bila kuandika upya.

Kuna jambo la pesa ambalo linatuhusu sisi wa Burundi kuliko wengine. Mbofyo unalipwa kwa dola, nguo inauzwa kwa faranga. Mei 2023 Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga, tangazo lililolenga wateja wa hapa mjini lilipanda bei usiku mmoja wakati wateja hao hawakuongezewa mshahara. Tangu hapo pesa ya matangazo yote inatoka kwenye mauzo ya Ulaya na Marekani, yanayolipwa kwa fedha za kigeni. Mauzo ya huko yakikauka, matangazo ya hapa nayapunguza kwanza. Angalieni vilevile kiwango mnachoweka: Google wanaruhusu siku moja itumike hadi mara mbili ya bajeti yako ya siku, ingawa kwa mwezi hawavuki mara 30.4 ya hiyo bajeti. Mara ya kwanza nilipoona dola nne zimekatwa badala ya mbili nilidhani nimeibiwa.

Na wezi wapo kweli. Mwaka 2006 Google walikubali kumaliza kwa hadi dola milioni 90 kesi ya pamoja iliyofunguliwa Arkansas na watangazaji waliodai kulipishwa mibofyo ya uongo. Si kila mbofyo wa bure ni wa mwizi, lakini. Katika moja ya nyumba zangu niligundua kwamba mibofyo mingi ilitoka kwenye michezo ya simu, kidole cha mtoto mdogo kikigusa tangazo kwa bahati mbaya. Nilizima sehemu hiyo. Idadi ya mibofyo ikashuka kwa zaidi ya nusu, mauzo yakabaki pale pale.

Daftari

Nililijuaje hilo? Kwa laini tatu za simu. Kila nyumba ya matangazo ina namba yake: anayetoka Google anaona namba moja, wa Meta nyingine, wa Microsoft ya tatu. Simu ikiita najua mlango kabla sijasema haloo. Wataalamu wana njia za kisasa za kufuatilia, na kijana wangu amenifungia mojawapo, lakini laini ya simu haikosei na haihitaji bando.

Jioni naandika kwenye daftari la karatasi: jina, mji, namba, mlango aliotokea, amenunua au hajanunua. Miezi minne ya kwanza ilinitia aibu. Nyumba niliyokuwa naipenda, iliyoleta mibofyo zaidi ya zote na kunifanya nijione mtu mkubwa, ilikuwa imeleta wanunuzi watatu. Iliyokuwa inaniletea mibofyo michache ilikuwa imeleta kumi na mmoja. Nikahamisha pesa wiki ile ile. Na daftari hilo hakuna mtambo unaoweza kulifunga. Akaunti zote zikifa kesho, nina majina na namba za wateja wangu, naanza kupiga simu.

Daftari hilo lilinisaidia pia kuona kwamba nchi nazo hufungwa kama akaunti. Hapa kwetu Aprili 2015 mitandao ya kijamii ilizuiwa kwenye simu, na ikazuiwa tena Mei 20, 2020, siku ya uchaguzi. Kongo intaneti ilikatwa tangu mwisho wa Desemba 2018 hadi wiki ya tatu ya Januari 2019. Uganda waliifunga Facebook Januari 2021. Oktoba 29, 2025 Tanzania ilipozima intaneti siku ya uchaguzi, kwa siku kadhaa sikupata ujumbe hata mmoja kutoka Kigoma. Nilisimamisha matangazo ya upande huo asubuhi ile ile, nikayasogeza Ubelgiji na Kanada, na wiki hiyo nikauza nguo mbili huko. Si nyingi. Lakini sikuomba mkopo.

Deni la Kariakoo nilimaliza kulilipa mwaka 2024. Cherehani nimenunua moja, ya pili bado.

Wiki iliyopita yule jirani yangu wa zamani wa soko kuu, wa vitenge vya Kinama, alikuja nyumbani. Sasa anauza kwa Siyoni na anataka na yeye kutangaza kwenye simu. Nikamkalisha, nikamwambia kabla ya yote nataka kujua atalipa kwa kadi ya nani.

"Ya kwangu," akasema. Akafungua mkoba, akaiweka mezani, halafu akatoa nyingine ya benki tofauti akaiweka pembeni yake. "Na hii niliifungua mwaka jana. Ilikuwa inakaa kwa mama."